Ukaazi wa amana

Waingereza wana neno moja, walilolijenga kwa kuunganisha nyumba na kuketi, la kumtaja mtu anayehamia kwa muda katika nyumba ya mwenziwe aliyesafiri. Hatozwi kodi wala hapewi mshahara. Anamwagilia maua, analisha paka, anamfungulia fundi wa kiyoyozi akija, na usiku majirani wanaona taa dirishani. Siku ya saba au ya arobaini mwenyewe anarudi, ufunguo unabadilisha mkono, basi.

Shughuli yenyewe si ngeni kwetu. Kigeni ni kuipa jina. Nimeona wafasiri wakiandika “kulinda nyumba”, wengine “kutunza nyumba”, na mmoja aliyethubutu aliandika “kukalia nyumba”, bila kujua kwamba amemgeuza mgeni mwema kuwa mvamizi. Kukalia ni kushika cha watu ukakataa kuondoka. Magazeti yetu huandika “ardhi inayokaliwa” pale ambapo kuna majeshi na maazimio ya Umoja wa Mataifa. Herufi mbili za kauli ya kutendea zimetosha kuleta vita nyumbani.

“Kukaa nyumba” nako hakufiki. Kitenzi chetu cha kukaa kimebeba mizigo mingi: mtu hukaa kwenye kiti, hukaa Magomeni, hukaa na mtoto mama yake akienda sokoni, na mjane hukaa eda. Anayeulizwa “siku hizi unafanya nini?” akajibu “nakaa tu nyumbani” amesema hana kazi. Kiingereza kilichukua kuketi kwa sababu kwao kuketi ni jambo dogo, na udogo huo ndio walioutaka. Kwetu kukaa ni maisha mazima.

Mimi neno hili lilinikalia kooni nikiwa Doha, mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anakwenda Tanga na watoto. Alichoniambia ni Kiswahili cha kila siku: “Mdogo wangu, niangalizie nyumba. Na huyo paka asilale njaa.” Hakuna mtu aliyekua pwani asiyejua uzito wa hiyo niangalizie. Ndiyo tunayomwambia abiria wa jirani kwenye kituo cha basi au gatini Malindi, tukitaka kwenda kununua maji: niangalizie mzigo. Kitenzi kimembeba mwenye mali ndani yake, ni- mwanzoni na -i- karibu na mwisho, kiasi kwamba huwezi kulitamka neno bila kumtaja unayemfanyia.

Angalia sasa jinsi shughuli moja inavyopata vitenzi vitatu kwa watu watatu. Anayeondoka anasema niangalizie. Anayebaki, akipigiwa simu na kuulizwa yuko wapi, anasema nimeachiwa nyumba. Jirani wa mlango wa pili, asiyejua lolote, anasema kuna mtu anakaa pale kwa fulani. Waingereza walitunga neno lao kutoka kwa jirani: walimwona mtu ameketi, wakaliandika hilo. Sisi maneno yetu mazuri yako kwa wawili walioshikana ufunguo, na sioni sababu ya kuyaacha ili tumfuate jirani.

Doha ni mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili. Karibu watu tisa katika kila kumi wanaoishi Qatar si raia; wana nyumbani kwingine, na huondoka kwa makundi, kiangazi joto linapopita nyuzi 40 na tena likizo za Desemba. Nyumba zinabaki na mimea ya vyungu, samaki wa kwenye vioo, na paka ambao mji umejaa. Ikiwa ni Julai, nyumba iliyozimwa kila kitu hufukuta, kuta zikaota ukungu. Lazima abaki mtu. Na kwa kuwa ndugu wako mbali, mtu huyo mara nyingi ni rafiki wa kazini, au mgeni kama mimi aliyekuja kutembea akapewa chumba na orodha iliyobandikwa kwenye friji.

Neno “ulinzi” ndilo la kwanza kuanguka, na Doha lina wenyewe. Wakenya, Waganda na Watanzania wengi wamekwenda huko kwa kazi hiyo hasa, wamevaa sare kwenye milango ya majengo ya biashara, viwanja vya mpira na hoteli. Ukipita mtaa wa Msheireb jioni unaweza kusalimiwa “mambo vipi” kabla hujafungua mdomo. Mlinzi ana lindo, na lindo lina saa. Akilitoka kwenda kunywa chai amefanya kosa.

Mimi nilitoka kila siku, na kazi yangu haikuharibika. Asubuhi nikishamlisha paka nilikuwa huru mpaka magharibi. Nilipanda metro, riyali 2 tu kwa safari, mpaka mwisho wa laini nyekundu upande wa kusini, Al Wakra, mji wa zamani wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu, ambako soko lao lililojengwa upya linatazamana na bahari. Nikala samaki, nikakaa mchangani bila ya kuwaza. Desemba Doha kuna jua la kukubalika, nyuzi ishirini na kitu, na upepo wa kaskazini unaoitwa shamali. Ufukoni watu wamevaa sweta. Siku nyingine nilitembea Corniche, njia ya pwani yenye urefu wa kilomita 7 hivi inayoizunguka ile ghuba ya mji, kutoka upande wa Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, lile jengo la I. M. Pei lililofunguliwa mwaka 2008, hadi kwenye minara ya vioo. Madau yamefungwa hapo, yanasubiri watalii. Mtu anayeweza kufanya yote haya huku akisemwa kuwa yuko kazini, si mlinzi. Kwa hiyo anafanya nini?

Jibu zuri nililipata katika fiqhi, si katika kamusi. Wanazuoni wametenganisha mikataba miwili ambayo sisi huichanganya. Upo wadia: nakuwekea mali yangu uihifadhi. Mkono wako juu ya mali hiyo ni mkono wa amana. Ikipotea bila ya uzembe wako, hudaiwi. Ila huruhusiwi kuitumia, na ukiitumia bila idhini mkono unageuka kuwa wa dhamana, utalipa. Na upo ariya: nakuazima chombo changu ukitumie bure, kisha unirudishie. Hapo matumizi ndiyo makusudio yenyewe. Kikiharibika nje ya matumizi tuliyokubaliana, Washafii wa pwani yetu wanasema aliyeazima analipa, na Wahanbali, ambao ndio wengi miongoni mwa raia wa Qatar, wanasema vivyo hivyo. Wahanafi wana maoni laini zaidi.

Aliyeachiwa nyumba yuko katika mikataba yote miwili kwa wakati mmoja. Vito vya dada yangu kabatini ni wadia. Jiko lake ni ariya. Kitanda cha wageni ni ariya, chumba chake yeye ni wadia, na sebule inategemea unakalia kiti gani. Hakuna aliyetuandikia mipaka hiyo, na bado nilijua, kama anavyojua kila mtu aliyelelewa, kwamba mafuta ya kupikia nitatumia na manukato sitagusa. Neno linalofaa lazima libebe pande zote mbili: kuishi mle ndani, na kuaminiwa.

Pendekezo langu ni ukaazi wa amana. Ukaazi unalo jina la kisheria tayari. Tanzania mgeni hupewa kibali cha ukaazi, na ndugu zetu wa Ghuba huita chao ikama, kutoka Kiarabu, kwa maana ileile. Amana inaleta upande wa pili. Atatokea wa kupinga kwamba amana haitumiwi, na kifiqhi amesema kweli. Lakini Kiswahili cha leo kimeshavuka hapo: benki zinapokea amana kila asubuhi na kuzikopesha kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyelalamikia neno. Katika maongezi tubaki na kitenzi chetu, kuangalizia nyumba. “Mwangalizi” peke yake sitaki. Neno hilo limekwisha kuajiriwa na uchaguzi, na kwingine na msimamizi wa vibarua.

Kuna waliosema niseme “kulalia nyumba”, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukifanya: baba akisafiri, kijana wa jirani anaitwa aje kulala ili nyumba isiwe tupu usiku. Ni desturi nzuri, ila kitenzi kina balaa. Kuku hulalia mayai, na mfanyabiashara humlalia mteja kwenye bei.

Nilipofika Al Thakira ndipo nilipoona kwamba pande mbili za bahari, Ghuba na pwani yetu, zimeachiana nyumba kwa muda mrefu. Al Thakira iko kaskazini, karibu na Al Khor, zaidi ya kilomita 50 kutoka Doha; lazima gari. Kuna msitu wa mikoko uliosimama katikati ya chumvi na mchanga, na majira ya baridi heroe huja kusimama humo kwa mguu mmoja. Nimesema mikoko kwa mazoea. Mti wa hapo ni mchu, na ni mchu mtupu, kwa sababu ndio unaovumilia chumvi kali ya Ghuba na baridi yake. Mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo, na mkandaa, hukuti.

Na miti hiyo wasiyokuwa nayo ndiyo iliyokuwa biashara. Nchi isiyo na miti mirefu ilihitaji dari, na dari ilitoka kwetu. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti Lamu na kwenye delta ya Rufiji, yakarudi na kusi. Mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939 mpaka Rufiji, akaona mabaharia wakizama kwenye matope wakikusanya boriti hizo. Katika nyumba za zamani za Ghuba, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba kama vya Lamu. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, wakati ambapo Ghuba ilikuwa imeshahamia kwenye saruji.

Nyumba hizo zilikuwa na kiangazi chao. Msimu mkubwa wa kuzamia lulu ulichukua karibu miezi minne, na wanaume wa Doha na Al Wakra walikuwa baharini. Aliyebaki na nyumba, na madeni ya nahodha, alikuwa mwanamke. Huyo hakuitwa mkaazi wa amana wala kitu chochote, maana nyumba ilikuwa yake. Na baadhi ya wazamiaji walikuwa watumwa waliotolewa Afrika Mashariki. Habari zao zimewekwa wazi katika Nyumba ya Bin Jelmood, mojawapo ya makumbusho manne ya Msheireb. Qatar ilikomesha utumwa mwaka 1952. Nilikwenda asubuhi, nikatoka mchana nikiwa sina hamu ya matembezi mengine. Kwa anayetafuta maneno ya kukaa nyumba ya mtu mwingine, humo ndani kuna upande ambao neno amana haliugusi kabisa, na lisitumiwe kuupaka rangi.

Limebaki suala moja ambalo Doha inalilazimisha. Yule anayeondoka tumwite nani? Kwa Kiswahili “mwenye nyumba” ni anayekuja tarehe moja kudai kodi. Dada yangu ni mpangaji, kama wageni wengi wa mji huo. Mwenye nyumba wake ni kampuni ambayo sijawahi kuiona, na haikuniamini mimi kwa lolote. “Mwenyeji” naye anapaswa awepo akukaribishe, na huyu yuko Tanga anakula mishikaki. Benki zinalo neno tayari: mweka amana. Kwenye karatasi ya makubaliano linakaa bila shida. Mweka amana ataacha ufunguo, namba ya fundi na chakula cha paka cha kutosha. Mkaazi wa amana ataeleza mapema kama atapokea wageni, na atalipa bili ya umeme ikiwa aliacha viyoyozi vyote vikiwaka akaenda Al Wakra.