Farasi Ugenini: Nani Alimwua?



Wengi wetu tumemjua farasi kwanza kanisani. Tumemwona katika picha ya Mtakatifu Martino, amesimama kimya huku bwana wake akilikata joho kwa upanga ili ampe maskini nusu yake. Tumemwona tena chini ya Mtakatifu Jorji mwenye mkuki. Lakini farasi mwenyewe, mwenye kula majani na kutoka jasho, katika sehemu nyingi za Kongo hatumkuti. Ng'ombe yuko milimani, mbuzi yuko kila kijiji. Farasi ni haba.

Kwa nini? Je, hakuletwa katika nchi hizi? Aliletwa mara nyingi, katika Afrika ya katikati na ya kusini, na mara nyingi akafa. Habari za kufa kwake yafaa tuzijue, maana ndani yake imo damu ya watu wasio na kosa.

Kazi ya saisi

Kwanza tuone jinsi farasi anavyotunzwa kwao. Mtunzaji wake huitwa saisi, na kazi ya saisi haina siku ya kupumzika.

Farasi ni mnyama mwenye nguvu nyingi na tumbo dhaifu. Tumbo lake ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, kwa hiyo yampasa ale kidogo kidogo mchana kutwa. Tena hawezi kutapika: akila kitu kibaya, au nafaka nyingi mno, kitabaki humo humo. Kwa siku moja aweza kunywa lita 30 au 40 za maji, na penye joto kali zaidi ya hapo.

Asubuhi saisi humwinua miguu, mmoja mmoja, akatoa matope na mawe yaliyonasa katika kwato. Halafu humsugua mgongo kwa brashi kabla ya kumwekea matandiko, kwa maana mchanga kidogo tu chini ya matandiko huchubua ngozi, na kidonda cha mgongo humweka farasi bila kazi kwa siku nyingi.

Saisi wa Ulaya walikuwa na dawa zao za nyumbani, mtoto akijifunza kwa baba yake. Jeraha liliosha kwa maji ya chumvi. Farasi aliyekohoa kwa vumbi alipewa majani makavu yaliyolowanishwa kwanza. Aliyesokotwa na tumbo, akawa anageuka kutazama ubavu wake na kutaka kugaagaa, alitembezwa polepole, akanyweshwa mafuta ya mbegu za kitani, kisha akapewa uji wa pumba wenye uvuguvugu. Dawa nyingine zilisaidia kweli, nyingine zilidhuru. Desturi ya kumtoa damu farasi mgonjwa, kwa mfano, ilimwondolea nguvu zile alizozihitaji apone.

Basi mtu aliyekwenda na farasi katika nchi ya mbali alichukua brashi yake, mafuta yake na maarifa yake yote. Lakini maarifa hayo yalikuwa ya kwao. Ya nchi ile alikuwa hajayapata.

Maafa ya Sena

Mwaka 1569 mfalme Sebastiano wa Ureno alimtuma Francisco Barreto kwenda Afrika ya mashariki pamoja na mamia ya askari. Walitaka dhahabu ya nchi ya Mwene Mutapa, nao walisema pia kwamba wanakwenda kulipiza kifo cha Padri Gonçalo da Silveira, Mjesuiti aliyeuawa huko mwaka 1561. Pamoja na jeshi alikwenda Mjesuiti mwingine, Padri Francisco Monclaro, naye ndiye aliyetuachia maandiko ya safari hiyo.

Mwishoni mwa 1571 jeshi lilifika Sena, kando ya mto Zambezi, katika Msumbiji ya leo. Walikuwa na farasi walioletwa kutoka India. Sena walikuwako Waislamu wafanyabiashara, watu wa pwani ya Waswahili, waliokuwa wakipandisha nguo na kuteremsha dhahabu na pembe tangu kabla Wareno hawajaijua njia ile.

Muda si muda farasi wakaanza kufa. Askari nao wakashikwa na homa, wakafa. Wareno hawakuona sababu yo yote machoni pao: majani yalikuwako, na maji ya mto tele. Wakaulizana: ni nani aliyefanya hivi? Na mara swali likiisha kuwa "ni nani", jibu halichelewi. Wakasema Waislamu wametia sumu. Wakakamatwa wale wafanyabiashara, wakauawa kwa mateso ambayo sitaki kuyaeleza katika gazeti hili linalosomwa na watoto.

Hatuna budi kukiri jambo moja linalotuumiza. Padri Monclaro naye aliyasadiki maneno ya sumu. Alikuwa padri, alikuwa mtu wa elimu, na hata hivyo alisadiki. Maandiko yake leo husomwa na waganga wa wanyama kwa sababu nyingine: ndiyo habari ya kale sana iliyoandikwa katika sehemu hizi juu ya farasi wageni kufa kwa maradhi ya nchi.

Waislamu wa Sena walikwisha kufa, nao ugonjwa haukwisha. Mwaka 1572 jeshi lilipanda mto kwenda vitani, likarudi limepungukiwa sana. Mwaka 1573 Barreto mwenyewe alikufa huko huko Sena. Ikiwa watia sumu walikuwa wamekwisha kuuawa, ni nani basi aliyewaua hawa?

Moshi jioni, umande asubuhi

Tushuke sasa kusini, kwenye nchi ya Rasi ya Tumaini Jema, walikokaa Waholanzi na Wazungu wengine tangu karne ya 17. Nao walileta farasi, nao wakakutana na ugonjwa. Mwaka 1719 farasi karibu 1,700 walikufa. Mwaka 1854 na 1855 walikufa karibu 70,000, yaani zaidi ya 40 katika kila 100 waliokuwako katika koloni lile.

Farasi mzima huanza kuwa na homa. Pengine uso wake huvimba juu ya macho. Hupumua kwa shida, na povu jeupe humtoka puani. Mara nyingi hufa katika siku chache tu. Wenyeji wa huko huuita ugonjwa wa farasi, bila jina jingine, maana kwao hakuna unaoupita.

Wakulima wale hawakujua chanzo chake. Wengine walisema ni umande wa usiku, wengine wakasema ni utando wa buibui ulio katika majani asubuhi. Lakini waliangalia, mwaka baada ya mwaka, wakajiwekea kanuni. Farasi aingie bandani kabla jua halijatua. Asitoke mpaka umande umekauka. Usiku moto wa mavi makavu uwashwe, ili moshi ulizunguke banda. Mwezi wa hatari apelekwe mahali pa juu penye baridi. Akiwa safarini na kuchwa kumemkuta, afungwe mfuko wa chakula mdomoni, asiguse majani. Farasi aliyeugua akapona waliitwa "waliotiwa chumvi", kama samaki aliyetiwa chumvi asioze, nao waliuzwa kwa bei kubwa kuliko wenzao.

Je, kanuni hizo zilikuwa za kijinga? La. Sababu waliyoitaja ilikuwa ya uongo, lakini dawa ilikuwa na kweli ndani yake. Mwaka 1944 wataalamu wa Onderstepoort, chuo kilichoanzishwa karibu na Pretoria mwaka 1908 na Arnold Theiler, mganga wa wanyama aliyetoka Uswisi, walionyesha kwamba ugonjwa huo huletwa na usubi, vile vidudu vidogo viumavyo. Usubi huruka tangu jua kutua mpaka asubuhi, yaani saa zile zile za umande. Hausongi sana ndani ya nyumba, tena hukimbia moshi. Wakulima walipomficha farasi umande, walimficha usubi bila kujua. Hata leo hakuna dawa ya kumponya farasi aliyekwisha ugua. Kuna chanjo, na kuna banda lililofungwa vizuri jioni.

Adui wa mchana

Usubi hauko peke yake. Yuko na mbung'o, ambaye sisi wa Kongo hatuhitaji kufundishwa habari zake. Huyu huuma mchana, penye vichaka na kivuli. Farasi aliyeumwa naye hafi upesi: hukonda, macho hutoa machozi, damu humpungua, mpaka siku moja haamki. Wasafiri wengi walijaribu kuvuka nchi ya mbung'o usiku. Ona basi shida ya farasi ugenini: mchana mbung'o, usiku usubi.

David Livingstone alijaribu dawa yake mwenyewe. Alimpa farasi jike aliyeumwa na mbung'o aseniki kidogo kidogo, ikichanganywa na shayiri. Farasi akapata nafuu, ngozi ikawa laini, halafu ugonjwa ukarudi akafa. Livingstone aliyaandika hayo mwaka 1858 katika gazeti la waganga wa Uingereza. Aseniki ni sumu kweli. Hapa basi sumu ilitiwa katika chakula cha farasi kwa kumponya. Wala hakukosa njia kabisa, kwa sababu baadaye dawa zenye aseniki zilitumika kwa wanadamu wenye malale.

Mwaka 1871 Stanley, akitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Mmoja alipewa na Sultani Barghash wa Unguja. Walipofika Kingaru, farasi wa kwanza akafa. Stanley alikuwa mtu mwepesi wa hasira, lakini siku ile alifanya jambo la akili: kabla ya kumshtaki mtu, alimpasua farasi tumbo. Akakuta minyoo tele, na mingine imeng'ang'ania nyama ya tumbo kama ruba. Wa pili akafa baada ya saa 15 hivi; naye alipasuliwa, na Stanley akaona kwamba tumbo lake lilikuwa na donda baya la siku nyingi.

Hapo kilitokea kisa cha kuchekesha. Farasi alipokwisha zikwa, mkubwa wa kijiji alikuja kudai doti mbili za nguo, kwa kuwa maiti imezikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu kwamba basi askari watamfukua na kumrudisha juu ya nchi, pale pale alipofia. Mzee akaghairi mara moja: farasi amekwisha kuzikwa, na akae huko, nasi tuwe marafiki. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekufa ila farasi wawili.

Kweli yajulikana

Aliyekata maneno juu ya mbung'o ni David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyekaa Ubombo katika nchi ya Wazulu tangu 1894. Wazulu walimwambia kwamba ugonjwa wa nagana watoka kwa wanyama wa porini. Wazungu wengi waliona ni hadithi. Bruce alichukua farasi wazima, akawateremsha katika nchi ya mbung'o huku akiwazuia wasile wala wasinywe kitu cha huko, akawarudisha mlimani. Wakaugua. Kisha akaleta mbung'o juu mlimani, akawaacha wawaume farasi ambao hawakushuka kamwe. Nao wakaugua. Si majani, si maji, si sumu. Katika damu yao aliona kwa darubini kidudu chembamba chenye kujinyonganyonga, ndicho tripanosoma. Na wanyama wa porini walikuwa nacho bila kuugua, kama Wazulu walivyosema. Ndugu wa kidudu hicho ndiye aletaye malale kwa watu. Mwaka 1903 Bruce alionyesha katika Uganda kwamba naye husafiri ndani ya mbung'o.

Tangu Sena mpaka Ubombo ni zaidi ya miaka 300. Wenyeji walijua sehemu moja ya kweli, wageni walijua sehemu nyingine, na kila aliyeuliza kwa upole alipata kitu. Wahenga wetu walisema vema: kuuliza si ujinga.

Sasa tujitazame. Vijijini mwetu mtoto afapo ghafula, au ng'ombe wawili wafapo katika juma moja, wangapi huuliza "ni nini?" Wengi huuliza "ni nani?" Kisha hutazamwa yule bibi mzee mjane akaaye peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko lake. Wako waliofukuzwa makwao kwa ajili hiyo, na wako waliouawa. Tusiwacheke Wareno wa Sena. Wao nao walibatizwa, walikuwa na padri kati yao, na siku zile walijiona wenye haki.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia mwenzetu uongo. Wengine hudhani yahusu mbele ya hakimu tu. Lakini shahidi wa uongo huanza kazi yake jioni, penye moto, mtu anaponong'ona jina. Msiba ukiingia nyumbani, tumlilie marehemu, tumwite mganga wa hospitali, tuulize alikula nini, aliumwa na nini, alianza kuugua lini. Yule anayetaka kutaja jina la jirani, tumwombe anyamaze.