Njia ya Masikio

Tulitoka Gitega, Burundi, alfajiri, kabla ya maduka kufunguliwa, bila mpango wowote. Mjomba alikuwa amepata mafuta jana yake baada ya kulala kwenye foleni, na kwake yeye tangi lililojaa ni mwaliko. Nikamwuliza, “Mjomba, tunakwenda wapi?” Akaelekeza kidevu kusini, kwenye barabara ya udongo iendayo Ryansoro. “Huko.”

Hatukwenda mbali. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na juu yake vilitokeza vilele vya mikaratusi tu. Barabara ikateremka, nasi tukazama. Mjomba akapunguza mwendo hadi ukawa wa mtu atembeaye kwa miguu, akashusha kioo, akatoa kichwa nje. “Sasa tunaendesha kwa masikio,” akasema.

Neno hilo limenikaa, maana karibu kila nilichowahi kusoma kuhusu safari za kuburudisha moyo kimeandikwa kwa macho.

Kiswahili chenyewe hakijaamua. Kinatuambia tembea uone, halafu kinatugeukia: mtembezi hula miguu yake. Methali ya kwanza inamsifu anayeondoka, ya pili inamcheka anayeondoka bila shughuli. Nadhani ya pili ndiyo iliyoshika kalamu za waandishi wetu wa mwanzo. Chukua Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na kinachomshughulisha ni mali, wapagazi, na watawala wanaodai hongo kabla ya kumpisha mtu. Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, anawatazama watu na desturi zao kwa udadisi wa kupendeza, lakini naye yuko kazini. Hakuna anayesimama kilimani kwa ajili ya kilima. Baadhi ya wasomaji huona huo ni ukavu. Mimi naona ni adabu ya mtu anayejua kwamba njia ina wenyewe.

Mtindo huo haujafa. Nenda Muyinga, kaskazini mashariki, kwenye barabara ya malori yanayoingia kutoka Tanzania kupitia Kobero. Asubuhi ya baridi madereva hukaa wakisubiri chai, Kiswahili chao kimechanganyika na cha Kahama na cha Dar es Salaam, na ukiwauliza habari za safari watakupa bei, foleni, mpira uliopasuka na jina la askari mkorofi. Ukungu kwao ni saa zilizopotea. Selemani angewaelewa bila mkalimani.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Mwaka 1782 kasisi William Gilpin alichapisha kitabu kuhusu safari yake ya mto Wye, akiwafundisha wasomaji kuitazama nchi kama vile wangetazama picha iliyochorwa. Wafuasi wa mtindo huo walibeba kioo kidogo cheusi chenye mbinuko: ukiipenda mandhari, unaipa mgongo na kuitazama kiooni, ikiwa imepunguzwa na kulainishwa. (Wanaopiga picha za simu huku wameipa mgongo nchi wasijidhani wa kwanza.) Gilpin aliupenda moshi wa makaa uliotoka ubavuni mwa vilima vya Wye, kwa sababu ulivunja mistari migumu ya milima. Nililikumbuka hilo kwenye njia ya Ryansoro, moshi wa majiko ulipokuwa ukipenya paa na kuchanganyika na ukungu. Kweli ulipendeza. Lakini moshi ule ulikuwa na harufu ya maharage yaliyokesha jikoni, na mtu anayeyachochea alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye gari letu. Kioo cheusi hakina mahali pa kumweka mtu huyo, ila awe alama ndogo pembeni.

Mshairi wa Kijapani Matsuo Bashō yuko karibu nasi zaidi. Mwaka 1684 alivuka kipito cha Hakone siku ya manyunyu na ukungu, mlima Fuji umefichwa kabisa, akaandika kwamba siku ya kutouona nayo ina raha yake. Hilo Gilpin asingelisema: kwake ukungu hupamba kionekanacho, kwa Bashō hata kutoonekana kunatosha. Ila tusimfanye mzururaji. Alipoondoka Edo mwaka 1689 pamoja na mwanafunzi wake Sora, kwa safari iliyozaa kitabu chake Oku no Hosomichi, alikuwa akifuata mahali palipokwisha kuimbwa na washairi waliomtangulia. Alikuwa na miadi na marehemu. Safari ya ghafla kabisa sijui kama iko. Hata yetu ilikuwa imepangwa na foleni ya mafuta.

Na Warundi wenyewe? Husema ndege asiyeruka hajui mavuno yalikoiva, methali yenye faida ndani yake kama zetu. Lakini utamaduni wao wa njiani ulio mzito zaidi sioni kwamba uko kwenye methali wala kwenye vitabu. Uko kwenye maamkizi. Kuna aina ya maamkizi ya kuimbwa iitwayo akazehe, ambayo wanawake wawili wakikutana hupeana: mmoja anaanzisha, mwenziwe anapokea, na sauti zao zinasukana upesi kiasi kwamba hujui pumzi hii ni ya nani. Wanatakiana heri, wanaulizana habari za jamaa, hakuna anayengoja mwingine amalize. Siku hizi ni adimu, wengi wetu tunaijua kwa rekodi tu. Katika nchi hii isiyo na vijiji vya kale, ambako kila rugo, yaani boma la familia, limejitenga kwenye kilima chake kati ya migomba, njia ndiyo ukumbi, na anayekutana na mwenzake njiani hana sababu ya kuharakisha.

Ndiyo maana nasema ukungu ni mtihani kwa tamaduni hizi, na si zote zilizofaulu. Njia ya Gilpin inahitaji mwanga urudi. Ya wafanyabiashara inahesabu hasara. Ya Bashō inafaulu vizuri, ingawa peke yake, moyoni. Akazehe haipungukiwi kitu, kwa sababu haikuhitaji macho tangu mwanzo.

Kwenye mteremko uliokuwa umelowa hadi magurudumu yanacheza, tulisikia nyayo kabla ya kuona mtu. Mjomba akasimamisha gari, akazima injini. Akatokea mama mtu mzima, kanga mabegani, mkungu wa ndizi kichwani, akifuatiwa na mwingine aliyebeba jembe. Kutoka upande wa pili, ambako sisi hatukuona kitu, sauti ikawaita. Wakaitika kabla hawajamjua, halafu wakamjua. Mwanamke wa tatu alipojitokeza, walishikana mikono kisha viwiko kisha mabega, mkungu umetulia vilevile kichwani, na maneno yakapishana: huyu anauliza watoto, yule amekwisha kuitikia na kuuliza ng'ombe. Hawakuimba. Lakini mimi nilisikia mmoja akianzisha na mwingine akipokea.

Yule wa jembe akatugeukia. “Mwaramutse.” Mjomba akaitika, nami nikaitika nyuma yake kwa Kirundi changu cha mtaani Buyenzi, Bujumbura, ambacho kilimchekesha. Akauliza tunakwenda wapi. Mjomba akaelekeza kidevu.

“Huko hakuna kitu,” akasema, “ni kwangu tu.” Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaweka jembe sakafuni, akaingia.