Anwani, si Kichwa

Kamati moja ya istilahi, ambayo adabu yanizuia kuitaja, imeamua kwamba ule mstari unaotangulia kila kipande cha difu, wenye jozi mbili za alama ya @, nambari za mistari na jina la fanksheni, uitwe "kichwa cha kipande". Uamuzi huo umekwisha kupenya katika vijitabu vya mafunzo vinavyopita mikononi mwa vijana wa uprogramu kati ya Ruiru na Thika. Mimi nilikuwa nimependekeza "anwani". Pendekezo langu halikukataliwa; lilipotea tu, kama yanavyopotea mengi yanayoletwa na watu wasiolipwa posho ya kikao.

Msomaji wa makala haya anaijua Git, kwa hiyo sitamchosha kwa kumweleza difu ni nini. Nianze na kichwa. Hili ni neno la Kibantu lenye nasaba isiyotiliwa shaka: Mombasa na Lamu husema kitwa, Wakikuyu husema mũtwe, Waganda omutwe. Sina ugomvi na asili yake. Ugomvi wangu ni mzigo ambao limebebeshwa. Kichwa ni kiungo, na kiungo hakikosei mwili wake. Hata kichwa cha habari gazetini huandikwa na mhariri ambaye, tutumaini, ameisoma habari yenyewe. Mstari ninaouzungumzia haukuandikwa na mtu aliyesoma chochote. Git husimama juu ya kipande, ikapanda mstari baada ya mstari, na ikikutana na wa kwanza unaofanana na mwanzo wa fanksheni, huunakili na kuubandika. Hilo ni kisio, na kisio huenda mrama.

Anwani, kwa upande wake, tumeipokea kutoka Kiarabu, unwan, nalo huko lina maana ya maandishi ya juu ya barua yanayoonyesha inakokwenda, na pia jina la kitabu. Wanaleksikografia wa Kiarabu walibishana juu ya mzizi wake. Wapo waliolihusisha na mzizi uleule uliotupa neno "maana". Wapo waliolirudisha kwenye kitenzi cha kujitokeza mbele ya macho. Na wakasajili hata umbo jingine, ulwan, ili ubishi usikauke. Waswahili hatukuwa na haja ya kuamua. Tulizichukua maana zote mbili, ndiyo sababu barua ina anwani na riwaya ina anwani, na hakuna anayechanganyikiwa.

Sasa utazamwe mstari wenyewe. Nusu yake ya kwanza, tuseme -48,7 +48,9, ni mahali: kipande kinaanzia mstari wa 48, kikiwa na mistari 7 katika toleo la zamani na 9 katika jipya. Nusu ya pili, jina la fanksheni, ni jina. Mahali na jina katika mstari mmoja. Nitajiwe neno jingine la Kiswahili lililokwisha kubeba vyote viwili kabla kompyuta haijazaliwa.

Nimeambiwa kwamba anwani imekwisha kuajiriwa katika anwani ya IP na anwani ya kumbukumbu, kwa hiyo haina nafasi tena. Hoja hii inatoka kwa watu wanaosema kichwa cha barua pepe, kichwa cha faili na kichwa cha treni bila kuona haya. Wapo pia wanaopigania "kitambulisho cha muktadha". Kitambulisho, nchini Kenya, ni kadi inayotolewa na serikali baada ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Jina la fanksheni katika difu halipigwi picha; hubadilika mara tu ruwaza ya kulitafutia inapobadilika.

Lakini sababu kuu ya kuitetea anwani ipo katika darasa la fasihi. Kila aliyesoma sekondari Kenya ameulizwa kujadili ufaafu wa anwani ya riwaya au tamthilia fulani. Swali hilo ndilo swali zima la difu: je, anwani hii inafaa? Mara nyingi haifai. James Hunt, pamoja na Douglas McIlroy wa Bell Labs, walioeleza algorithimu ya difu mwaka 1976, walishughulika na mistari, si fanksheni. Difu ya GNU ilikuja kuongeza chaguo la -p kwa ajili ya lugha ya C, na -F kwa anayetaka kujiandikia ruwaza yake. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, nayo isipoambiwa inasoma lugha gani hutafuta mstari ulioanzia pambizoni kabisa kwa herufi, kistari cha chini au alama ya dola. Kanuni hiyo iliifaa C, ambako jina la fanksheni hukaa pambizoni. Katika Python, Java na Kotlin, methodi huandikwa kwa ndani, chini ya klasi. Git huziruka zote na kutaja klasi.

Anwani ya aina hiyo tunaijua huku kwetu. Chuo Kikuu cha JKUAT kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, lakini sanduku lake la posta ni 62000-00200 Nairobi. Si uongo, na barua zinafika. Ila mgeni anayetoka Thika akiifuata anwani hiyo kwa matatu atapitiliza mpaka jijini. Anwani inaweza kuwa ya kweli na bado isitoshe. Kichwa hakina uwezo huo.

Upo pia upungufu wa pili, mbaya zaidi. Kipande huja na mistari mitatu ya muktadha juu ya badiliko, na Git huanza kutafuta jina juu ya mistari hiyo. Ukibadilisha mstari wa kwanza ndani ya hesabu_riba, tamko la fanksheni hiyo linakuwa tayari limo ndani ya kipande. Git inaliacha, inapanda juu, na kuandika jina la jirani yake, soma_akaunti. Mkaguzi mwenye haraka ataamini kwamba soma_akaunti ndiyo iliyoguswa. Hapo tunasema, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtahiniwa, kwamba anwani haifai. Ajaribuye kusema kichwa hakifai ataulizwa ni kichwa cha nani.

Kuhusu matumizi: katika faili ya .gitattributes andika *.py diff=python, *.java diff=java au *.kt diff=kotlin, na Git itatumia ruwaza ya lugha husika; lugha isiyokuwamo iandikiwe xfuncname katika usanidi; anayetaka kuiona fanksheni nzima atumie -W. Hayo yanatosha.

Nirudi kwenye lililo muhimu. Neno kamati na neno komiti, kama vijana wa Juja wanavyoitamka ile amri ya Git, yana babu mmoja, kitenzi cha Kilatini cha kukabidhi. Wajukuu hawakufanana tabia. Komiti hubeba jina la aliyeiandika, tarehe, saa na, kwa mwandishi mwadilifu, sababu. Na aliyekosea hujulikana mstari kwa mstari. Kamati hutoa faharasa isiyo na jina la mtu wala hoja ya neno lolote. Toleo lijalo la faharasa hiyo na lifuate utaratibu wa komiti: mbele ya "kichwa cha kipande" liandikwe jina la aliyelileta neno hilo, pamoja na sababu yake. Sababu yangu imekwisha kuchapishwa, na jina langu liko chini yake.