Vito vya thamani: maana anayouliza mteja na jina linaloulizwa forodhani

Masoro, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, hujulikana zaidi kwa maghala na viwanda. Hapo ndipo lilipo Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, lililoundwa kwa kuunganisha lililokuwa eneo huru la biashara na eneo la viwanda. Kwa malori mengi yanayoingilia Rusumo kutoka Dar es Salaam, au Gatuna kutoka Mombasa na Kampala, safari huishia huko. Mizigo yenyewe huwa ya tani. Vito ni kinyume chake, maana mali ya maelfu ya dola hutosha ndani ya bahasha, na dereva anaweza kukabidhiwa bila kujua amebeba nini.

Mfanyabiashara wa vito hukutana na maswali mawili. Mteja dukani huuliza jiwe lina maana gani: ni la mwezi gani, linafaa pete ya uchumba, linaleta baraka? Ofisa wa forodha huuliza jiwe ni madini gani, ghafi au limekatwa, limetoka wapi. Maana ndiyo inayouza, lakini haiandikwi kwenye ankara, na wanaochanganya mambo hayo mawili ndio wanaopoteza mzigo.

Majina ya Kiswahili na mitego yake

Kiswahili kina majina ya vito tangu zamani kwa sababu ya biashara ya Bahari ya Hindi: almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, lulu, marijani. Karibu yote ni majina ya watu pia, na si ajabu Zumaridi akauza zumaridi.

Neno la kuangaliwa ni yakuti. Yakuti nyekundu ndiyo rubi ya sokoni, na yakuti samawi ndiyo safaya. Hapa Kiswahili kimekaribia sayansi kuliko lugha nyingi, kwa kuwa rubi na safaya ni madini yaleyale, korundi, yaliyotofautiana rangi tu. Lakini mazoea ya kuita kila jiwe jekundu yakuti ni hatari. Jiwe jekundu linaweza kuwa garneti, spineli, turmalini au kioo, na bei zake ziko mbalimbali mno. Hata wafalme walikosea: "Rubi ya Black Prince" iliyo mbele ya taji la kifalme la Uingereza ni spineli.

Neno karati nalo lina maana mbili. Kwa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi, na dhahabu safi ni karati 24. Kwa kito, karati ni uzito, na karati 5 ni sawa na gramu 1. Pete ya "karati 18 yenye jiwe la karati 2" ina vipimo viwili visivyohusiana, na ankara isiyosema ipi ni ipi huleta mabishano.

Nani anataka jiwe gani

Maana za vito hazitoki sehemu moja. Katika mila ya Rwanda mapambo yalikuwa zaidi shanga na bangili za shaba, hivyo nyingi ya maana zinazotajwa madukani Kigali leo zimetoka nje: pwani, India, vitabu vya dini na katalogi za Marekani.

Orodha ya mawe ya miezi ya kuzaliwa ndiyo maarufu zaidi. Wengi hudhani ni ya kale sana. Imani ya mawe kumi na mawili ni ya kale kweli, na kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu katika kitabu cha Kutoka kilikuwa na mawe 12, lakini orodha ya sasa ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912 na kuongezwa baadaye. Ni kazi ya wafanyabiashara, na kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki imekuwa na faida. Tanzanite iliingizwa mwaka 2002 kuwa jiwe la Desemba, na spineli mwaka 2016 kuwa jiwe la Agosti. Januari ni garneti, na wengi husahau kwamba tsavoriti, jiwe la kijani la Kenya na Tanzania, ni garneti pia. Mteja aliyezaliwa Januari asiyependa jiwe jekundu anaweza kuonyeshwa tsavoriti bila kudanganywa. Julai ni rubi, Septemba safaya, Mei zumaridi, Aprili almasi, Oktoba turmalini au opali.

Wateja wenye asili ya India wana hesabu nyingine, ya mawe tisa na sayari: rubi kwa jua, lulu kwa mwezi, marijani kwa Mirihi, zumaridi kwa Utaridi, yakuti ya manjano kwa Mshtarii, almasi kwa Zuhura, yakuti samawi kwa Zohali, kisha garneti ya rangi ya asali na jicho la paka. Yakuti samawi huogopwa, na wengine huivaa kwa majaribio kabla ya kulipa. La muhimu kwa muuzaji ni kwamba mteja huyu kwa kawaida hutaka jiwe la asili lisilochomwa moto, na pete iliyo wazi chini ili jiwe liguse ngozi. Kumuuzia safaya iliyochomwa bila kusema ni kuvunja biashara, hata kama jiwe lenyewe ni zuri.

Kwa Waislamu, akiki ina heshima yake. Sahihi Muslim ina riwaya inayotaja pete ya fedha ya Mtume yenye jiwe la Uhabeshi. Akiki ya Yemen hupendwa, na ile iliyokatwa Khambhat, Gujarat, imeuzwa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Pete ya mwanamume hutengenezwa kwa fedha, kwa kuwa dhahabu imekatazwa kwa wanaume. Kupeleka pete za kiume za dhahabu zenye akiki kwenye soko la Waislamu ni kupeleka mzigo usiouzika.

Amethisto, ya zambarau, imevaliwa na maaskofu kwa muda mrefu. Wagiriki waliamini humkinga mtu na ulevi, na jina lenyewe lina maana hiyo. Malakiti, yenye miviringo kama macho, ilivishwa watoto Ulaya kuwakinga na jicho baya.

Muuzaji anaweza kusimulia haya yote, kwa sharti la kuyaita imani na mila. Anayeahidi kwamba jiwe litaponya maradhi ameacha kuuza kito, anauza dawa bila leseni.

Mawe ya ukanda huu

Tanzanite haijapatikana kwingine duniani zaidi ya Mirerani, wilaya ya Simanjiro. Iligunduliwa mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina mwaka 1968. Kwa kawaida hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, kisha huchomwa kwenye nyuzi kama 500 hadi ikawa ya bluu. Uchomaji huo unakubalika kote sokoni. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilikamilisha ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ili kuzuia utoroshaji, na mwaka 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia mawe mawili, la kilo 9.2 na la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Bei hiyo ilisikika hadi Kigali, na tangu hapo kila mwenye jiwe la bluu anaamini ana utajiri.

Tsavoriti ilipatikana Tanzania mwaka 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, kisha akaipata Kenya, upande wa Taita karibu na hifadhi ya Tsavo iliyolipa jina. Spineli ya waridi kali ya Mahenge ilishangaza soko la dunia mwaka 2007. Bonde la Umba, Tanga, hutoa safaya za rangi nyingi. Longido hutoa rubi ndani ya jiwe la kijani. Wamasai huita kijani "anyoli", na jiwe hilo likaitwa anyoliti. Mwadui ni almasi, na ile ya waridi aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 ilitoka huko.

Rwanda nayo haina mikono mitupu. Upande wa Cyangugu, wilaya ya Rusizi, kuna safaya za bluu zilizoletwa juu na volkano za kale, baadhi nzuri sana na nyingine nyeusi mno. Miamba inayotoa bati na koltani hutoa pia berili na turmalini, ambazo mchimbaji asiyezijua huzitupa pamoja na kifusi.

Jiwe lililotengenezwa na lililotiwa dawa

Kujaribu jiwe kwa kukwaruza kioo hakufai. Kwatsi ya kawaida hukwaruza kioo, na jiwe halali linaweza kumeguka pembeni wakati wa jaribio. Lenzi ya kukuza mara 10 husaidia zaidi: mapovu ya mviringo ndani ya jiwe ni alama ya kioo. Uzito pia husema, kwa kuwa korundi ni nzito mara 4 kuliko maji wakati kwatsi ni mara 2.65 tu.

Kinachosumbua zaidi ni rubi duni iliyojazwa kioo cha risasi kwenye nyufa. Huonekana safi hadi sonara aipashe moto au aiguse kwa tindikali. Hata maji ya limao huiharibu. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta, jambo la kawaida linalopaswa kusemwa. Feruzi ya bei ya chini mara nyingi ni jiwe jeupe lililopakwa rangi. Rubi, safaya na almasi za maabara ni madini halisi kwa kemia yake, na macho matupu hayawezi kuzitenga na za ardhini. Kwa jiwe la fedha nyingi hakuna njia ya mkato zaidi ya kulipeleka kwa wapimaji, kwa mfano Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha.

Karatasi

Katika mfumo wa HS, mawe yasiyofungwa kwenye pete au mkufu huingia kifungu cha 71.03, na almasi 71.02. Kwenye 71.03, mawe ghafi au yaliyopasuliwa tu ni 7103.10. Rubi, safaya na zumaridi zilizokatwa ni 7103.91, na mengine yaliyokatwa, tanzanite ikiwemo, ni 7103.99. Mawe ya maabara ni 71.04. Mapambo ya dhahabu na fedha ni 71.13, yale ya bandia 71.17, na kioo kilichoigiza kito huenda 70.18. Mawe yasiyopangwa daraja yaliyotungwa kwenye uzi kwa ajili ya safari tu hubaki 71.03, bali mkufu wa akiki uliokamilika na kifungio chake ni 71.16. Tofauti hiyo ndogo imeleta mabishano mengi kwenye madirisha ya forodha.

Tanzania imekataza kutoa tanzanite ghafi nje ya nchi, na vito kwa ujumla huuzwa kupitia masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019. Mrabaha wa vito ghafi ni asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Anayenunua kwa broka mtaani Arusha bila stakabadhi ya soko hana cha kuonyesha Rusumo.

Rwanda, biashara ya madini ni ya leseni, chini ya bodi ya madini, petroli na gesi, RMB, iliyoanzishwa mwaka 2017. Cheti cha nchi za Maziwa Makuu, ICGLR, kilichozoeleka na wasafirishaji, ni cha bati, tantalumu, tungsteni na dhahabu, si cha vito. Kongo, chombo cha serikali cha kuthamini mawe ni CEEC. M23 ilipotwaa Goma Januari 2025 na Bukavu Februari mwaka huohuo, swali la nani anatoa karatasi halali kwa mawe ya Kivu lilizidi kuwa gumu, na mnunuzi wa Kigali asilichukulie kwa wepesi. Almasi ghafi haivuki mpaka bila cheti cha Mchakato wa Kimberley ulioanza 2003. Nacho cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha bidhaa zisizozidi dola 2,000, hakichukui nafasi ya kibali cha madini.

Safarini

Dereva anayepewa bahasha "ya mawe ya kawaida tu" ana haki ya kutaka ankara, kibali na jina la mwenye mali kabla ya kuwasha gari. Mzigo ukikamatwa bila karatasi, anayehojiwa kwanza ni yeye, na lori lenye bidhaa za watu wengine husubiri pamoja naye.

Mawe yafungwe moja moja kwenye karatasi laini, kwani almasi hukwaruza yote na safaya hukwaruza karibu yote. Tanzanite ina ugumu wa 6 hadi 7 na hupasuka ikigongwa au ikipashwa na kupozwa ghafla, kwa hiyo isiachwe juani kwenye dashibodi. Malakiti ni laini zaidi, 3.5 hadi 4, na tindikali yoyote huitia madoa. Lulu zisichanganywe na kitu kingine. Kila kifungu kiandikwe jina la madini, idadi ya mawe na uzito kwa karati, sawasawa na ilivyo kwenye ankara, na hesabu ifanywe mbele ya anayekabidhi na anayepokea, kwa mizani ileile ikiwezekana.