Rosa Mistika na Wasomaji Wake wa Kike katika Bonde la Kilombero

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau. Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya malezi na maadili yaliyomo, wala sina haja ya kuyarudia. Nia ya makala haya ni ndogo zaidi: kuitazama riwaya hiyo kama kitabu cha vijana, chenye habari za dada na nduguze, za msiba na za pendo la kwanza, na kueleza jinsi kilivyowafikia wasichana wa Ifakara, mji ambao mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe, hakuutaja.

Kabla yake tulikuwa na Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy, iliyotolewa mwaka 1960. Humo pia mna ndugu wawili wa kike, tena mapacha, wenye tabia mbalimbali. Lakini kitabu chenyewe chajitambulisha kuwa ni maelezo ya maisha ya kijiji cha Unguja, na kweli hadithi yake ni kama kamba ya kuanikia desturi. Tunajua zaidi jinsi watu walivyoishi kuliko jinsi Kurwa na Doto walivyoona moyoni. Silitaji hili kwa kumlaumu Farsy, ambaye Kiswahili chake ni cha kuigwa. Nataka tu msomaji apime umbali uliovukwa katika miaka kumi na mmoja.

Rosa ni kifungua mimba, nyuma yake wakifuata Flora, Honorata, Stella na wengine. Baba yao, Zakaria, ni mlevi. Karibu na mwanzo wa kitabu barua ya kijana Charles yagunduliwa, na Rosa apigwa na babaye pigo ambalo halisahau. Hapo ndipo pendo la kwanza linapokufa, kabla halijapata hata jina. Wengi wamesema kwamba kisa kinachofuata, cha shule ya wasichana, cha chuo cha ualimu Morogoro, hata Rosa kujiua, ni onyo juu ya malezi makali. Ni kweli, lakini si yote. Kwa maoni yangu kitabu hiki tangu mwanzo ni cha maombolezo: Rosa amefiwa na baba aliye hai, na hakuna matanga yanayokaliwa kwa msiba wa namna hiyo. Ndiyo maana mwandishi hakuridhika kukomesha habari kaburini, bali aliwasimamisha baba na binti mbele ya Mungu wapate kusemezana.

Katika bonde la Kilombero jina la kitabu halikuhitaji kufasiriwa. Misheni ya Kwiro, upande wa Mahenge, ilianzishwa mwaka 1902, na tangu mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi walishika kazi katika nchi hiyo. Msichana aliyekua akisali Litania ya Bikira Maria alijua mara moja kwamba Rosa Mistika ni jina la Mama wa Mungu. Alipofungua akamkuta binti wa mlevi, alishtuka. Na mshtuko huo, nadhani, ndio uliokusudiwa.

Neno dada nalo lataka kuangaliwa. Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno umbu, ambalo Johnson aliliweka katika kamusi yake ya mwaka 1939. Asili yake ni shina la Kibantu lenye maana ya ndugu wa jinsia nyingine: mwanamume humwita umbu nduguye wa kike, lakini mwanamke hamwiti hivyo mwanamke mwenziwe. Katika Kiswahili Sanifu dada amelimeza neno hilo, akawa dada wa wote. Ifakara, ambako Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena hukutana na kusemezana kwa Kiswahili, sisi wasichana tulilipokea neno dada likiwa na wajibu ndani yake: aliye mbele ndiye anayepigwa kwanza, ili walio nyuma wapate kujua. Riwaya yote ya Kezilahabi yasimama juu ya jambo hilo.

Kwa muda kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kwa hoja kwamba mambo ya mwili yameelezwa waziwazi mno. Baadaye kiliruhusiwa. Hata hivyo, ruhusa ya wakubwa haifiki kila mahali siku moja. Katika miaka ya 1990 dada yangu alisoma ng'ambo ya mto, akivuka kwa pantoni, maana daraja la Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018 tu. Mwalimu mmoja alimnyang'anya kitabu hicho, kisha akamrudishia likizo ilipofika, bila jalada. Hivyo ndivyo kilivyoingia nyumbani kwetu.

Dada alifariki kwa homa mwaka 1995. Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya Wakatoliki wa Kipogoro, ameeleza jinsi mzigo wa maombolezo unavyowaangukia wanawake. Niliyaona hayo kabla sijayasoma: mama na shangazi ndani pamoja na maiti, wanaume nje chini ya mwembe. Lakini wadogo wa marehemu hawana mahali pao. Tulichota maji. Usiku wa tatu nilikitafuta kile kitabu nikakisoma kwa kibatari, na kati ya kurasa nikakuta barua ya mvulana, isiyo na jambo la aibu, ikiuliza tu pantoni itavuka saa ngapi siku ya Jumamosi. Nilimpa mama. Hakujua kusoma, aliuliza ni karatasi gani, nikasema ni hesabu za shule.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Riwaya yake sasa inasomwa hata kwa Kiingereza, lakini historia ya wasomaji wake wa kwanza haijaandikwa. Wanawake waliokuwa wasichana mwaka 1971 wamekaribia au kupita miaka sabini, na wako Ifakara, Mang'ula, Mlimba na Mahenge. Nimeanza kuwatembelea. Wasomaji wa jarida hili walio na nakala za chapa ya kwanza, hasa zenye maandishi ya kalamu pembezoni, naomba wasiziache ziliwe na mchwa. Wangeniarifu ningefika kuziona.