Uhifadhi wa kompyuta kuukuu katika nchi ya majani chai

KATIKA wadi ya Kimulot, eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, mvua na ukungu hustawisha majani chai karibu mwaka mzima. Hali hiyo hiyo ndiyo adui mkubwa wa yeyote anayetaka kuhifadhi kompyuta za zamani, hasa zile za wahandisi na wanasayansi zilizoitwa wakistesheni.

Wakistesheni ilikuwa kompyuta ya mtu mmoja, yenye nguvu kuliko zile za kawaida za ofisini. Mfano wake wa awali ni Alto, iliyoundwa na kampuni ya Xerox nchini Marekani mwaka wa 1973. Sun Microsystems na Silicon Graphics, zilizoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilivumisha mitambo hiyo. Mwaka wa 1990, Tim Berners-Lee alitumia mashine ya NeXT kutunga programu za kwanza za wavuti katika kituo cha CERN, karibu na Geneva.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965, kisha ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta mwaka wa 1974. Vyombo vya enzi kama hizo vinapouzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, ushahidi hutoweka.

Nchini Kenya, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Kompyuta basi hailindwi, isipokuwa waziri aitangaze rasmi kuwa kifaa cha kulindwa. Mzigo wa kuihifadhi humwangukia mwenyewe.

Katika nyanda za chai, jambo la kwanza ni unyevu. Mashine iwekwe juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta, na ifunikwe kwa kitambaa. Karatasi ya plastiki hufungia unyevu ndani. Vifuko vya kukausha unyevu, kama vile vya kwenye maboksi ya viatu, husaidia. Disketi zikiachwa penye unyevu huota ukungu.

Pili ni betri. Ile iliyovuja hula nyaya za saketi, hivyo iondolewe mapema. Katika mashine nyingi za Sun, betri imefungiwa ndani ya chipu inayotunza saa na nambari ya utambulisho. Ikiisha, baada ya miaka 10 hivi, mashine husahau nambari hiyo na hushindwa kujiwasha ipasavyo. Nambari hiyo iandikwe mahali salama mapema.

Tatu ni umeme. Mashine ya Marekani iliyowekwa kwa volti 110 huungua ikichomekwa kwenye volti 240 za Kenya. Wakati wa radi, waya zote zichomolewe. Skrini ya kioo isifunguliwe na asiye fundi, kwani huweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa.

Diski nazo zinakiliwe kungali mapema, kwa sababu mashine bila programu zake ni sanduku tu.

Mwisho ni urithi. Jumba la Living Computers mjini Seattle, lililoanzishwa na tajiri Paul Allen, lilifungwa mwaka wa 2020, na baadhi ya vifaa vyake vikapigwa mnada mwaka wa 2024. Ikiwa hayo yalimpata tajiri, mkusanyaji wa Kimulot hana budi kuandika mapema ni nani atakayepokea mashine zake, zilitoka wapi na zilifanya kazi gani.