Biskuti ya bahati haikutoka China

Ukimaliza kula katika mgahawa wa Kichina nchini Marekani, bili huletwa pamoja na biskuti kavu iliyokunjwa. Unaivunja, unachomoa kikaratasi chenye ubashiri, unawasomea wenzako mezani. Walaji wengi huamini hiyo ni mila ya Wachina. Lakini mwaka 1992 kampuni ya Wonton Food ya New York ilipojaribu kuziuza China kwenyewe, biashara haikushika. Wenyeji hawakuwa na mazoea nazo.

Chimbuko lake ni Japani. Karibu na hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, waokaji huzipika kwa vyuma vya duara vyenye mikono mirefu, wakivigeuza juu ya moto. Za huko ni kubwa na nyeusi zaidi, zina ufuta na miso, na kikaratasi hubanwa nje, kwenye mkunjo. Mtafiti Yasuko Nakamachi alikuta katika kitabu cha mwaka 1878 mchoro wa kijana akizioka.

Za Marekani hutumia unga wa ngano, sukari, ute wa mayai na mafuta, vikikorogwa hadi viwe vyepesi kama uji wa chapati za maji. Biskuti hutoka motoni ikiwa laini. Mwokaji ana sekunde chache tu za kuweka kikaratasi, kuikunja nusu na kuipinda kwenye ncha ya chuma; akichelewa, inakatika.

Wahamiaji wa Kijapani ndio waliozifikisha California. Makoto Hagiwara aliwaandalia wageni wa Bustani ya Chai ya Kijapani mjini San Francisco, zikiokwa na duka la Benkyodo. David Jung wa Los Angeles naye alidai kuzibuni yeye. Mwaka 1983 mahakama ya mzaha iliyokaa San Francisco ikaupa ushindi mji huo. Los Angeles ikakataa.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyogeuza mambo. Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyowapeleka makambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia. Tanuri zao zikazimika, na Wamarekani wenye asili ya China wakaishika kazi. Wajapani walipoachiwa, soko lilikuwa limeshahama. Baadaye Edward Louie wa San Francisco alibuni mashine ya kuzikunja, na Wonton Food pekee ikafikia kutengeneza zaidi ya milioni 4 kwa siku, nyingi zikiishia kwenye meza za migahawa ya Kichina.